Chaki ya Fundi na Alama 58: Tunavyokosea Kusahihisha Animesheni za Wanafunzi

Tangu OpenAI ifungue kwa umma Desemba 2024 Sora, programu inayotengeneza video kutokana na maandishi, na Google ikafuata Mei 2025 na Veo 3 inayotoa picha na sauti kwa mkupuo mmoja, walimu wa animesheni hawana usingizi. Kila ninapokutana nao swali ni lile lile: tutajuaje kama kazi ni ya mwanafunzi mwenyewe? Wapo wanaotaka vyuo vipige marufuku akili mnemba bila mjadala. Wapo wanaotafuta programu za kunasa kazi zilizotoka kwenye mashine. Wapo waliokwisha kukata tamaa, wanaosema ule mradi wa kutengeneza utangulizi wa filamu ufutwe kwenye mtaala, kwa sababu siku hizi mtu anaandika sentensi mbili na kupewa picha zinazong'aa kuliko za mwanafunzi aliyekesha wiki tatu. Nawaelewa wote watatu, lakini naona wanakimbizana na kivuli. Usahihishaji wetu ulikuwa na kasoro kabla mashine hizi hazijaja. Tumezoea kutoa alama kwa mng'aro, na mng'aro ndio uliokuwa wa kwanza kushuka bei. Utangulizi wa filamu ni usomaji wa filamu, na mwanafunzi anapaswa kupimwa kwa jinsi alivyoisoma filamu aliyopewa na kwa maamuzi aliyoyafanya baada ya kuisoma. Tukipima hivyo, swali la mashine linabaki dogo sana.

Utangulizi, ambao mtaani tunauita intro, ni ile dakika moja au mbili za mwanzo ambamo jina la filamu na majina ya waigizaji, mwongozaji, mtunzi wa muziki na wengine hupita mbele ya mtazamaji. Kwa miaka mingi yalikuwa maandishi tu juu ya kadi, na watu waliyatumia kutafutia viti vyao. Mwaka 1955 msanifu wa Marekani, Saul Bass, alitengeneza utangulizi wa The Man with the Golden Arm, filamu ya Otto Preminger kuhusu mtu aliyenaswa na heroini. Bass hakuonyesha sindano, wala uso wa Frank Sinatra aliyekuwa nyota wa filamu hiyo. Alichukua vipande vyeupe vya mistari, akaviingiza na kuvitoa kwenye weusi kwa kufuata muziki wa jazi wa Elmer Bernstein, mpaka mwishoni vikageuka mkono uliopinda vibaya, vidole vimekakamaa. Kabla hata ya tukio la kwanza, mtazamaji ameshahisi kwamba anakwenda kuona mwili unaomwasi mwenyewe. Miaka mitatu baadaye, kwenye Vertigo ya Alfred Hitchcock, Bass huyo huyo aliingia ndani ya jicho la mwanamke na kuyatoa humo mazunguko yaliyotengenezwa kwa msaada wa msanii wa picha za mashine, John Whitney, na kwenye Psycho ya 1960 akayakata majina vipande vipande kwa mistari inayopita kwa kasi. Kila mara umbo lilitoka kwenye hadithi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 1995. Kwenye Se7en, muongozaji David Fincher alikuwa na tatizo la kihadithi: muuaji haonekani mpaka filamu imekwenda mbali. Msanifu Kyle Cooper aliutumia utangulizi kumwingiza muuaji ukumbini tangu mwanzo bila kuonyesha uso wake. Tunaona ngozi ya vidole ikikwanguliwa kwa wembe, kurasa za daftari zikishonwa kwa uzi, maneno yakifutwa, picha zikikatwa. Majina yenyewe yamekwaruzwa kwa mkono, yanaruka na kutetemeka, kana kwamba yaliandikwa na mtu yule yule mwenye madaftari. Na jina la Kevin Spacey, aliyemwigiza muuaji, halimo kabisa kwenye majina ya mwanzo, ili mtazamaji asikae akimsubiri. Hapo ndipo ninapowaomba wakufunzi wasimame kidogo. Kuacha jina nje ni uamuzi wa usanifu wenye uzito sawa na kuchagua fonti, ila hauonekani kwenye skrini, kwa hiyo hauna mahali pa kupewa alama katika miongozo mingi ya usahihishaji niliyowahi kuishika.

Kutokana na kazi hizo nimejitengenezea kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote, nakiita jaribio la kuhamisha. Uchukue utangulizi wa mwanafunzi, ung'oe kwenye filamu yake, uubandike kwenye filamu nyingine kabisa. Ukikaa vizuri kule kama ulivyokaa hapa, basi haukuwahi kuwa wa filamu ile. Mkono wa Bass hauwezi kuhamia kwenye filamu ya mapenzi ya chuoni. Madaftari ya Cooper hayawezi kufungua filamu ya mpira. Lakini herufi za dhahabu zinazozunguka gizani huku vumbi la mwanga likitawanyika, hizo huhamia popote: filamu ya vita, tamasha la injili, tangazo la benki, harusi ya binamu.

Nasema hivi nikiwa na kisa kimoja kichwani. Mwaka jana nilikaa kwenye jopo la watahini watatu katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Wanafunzi wote walipewa filamu moja, ya dakika 18, iliyotengenezwa na wenzao: fundi cherehani wa mtaani anashona gauni la harusi la binti wa jirani, na kadiri binti anavyorudi kupimwa, fundi anagundua kwamba binti ana mimba, na kwamba yeye fundi ndiye mtu wa kwanza kujua kwa kuwa yeye ndiye mwenye tepu ya kupimia. Kila mwanafunzi alitakiwa kuitengenezea filamu hiyo utangulizi wa sekunde 60. Kazi iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa na herufi za dhahabu za pande tatu (3D), sindano kubwa iliyometameta ikipita kwa kasi mbele ya kamera, moshi, mlipuko wa mwanga, kisha jina la filamu likatua kwa kishindo. Ilipata 81. Hakuna kati yetu aliyejua kama ilitoka kwenye kiolezo cha kununua, yaani utangulizi uliokwisha tengenezwa unaobadilishwa majina tu, kwenye mashine, au kwenye mikono ya kijana mwenyewe, na kwa hoja yangu haina tofauti. Tulipomuuliza kwa nini kuna moshi, alisema unapendeza.

Kazi nyingine ilianza na kitambaa cheusi kilichojaza skrini nzima. Chaki ya fundi ikachora mstari, na juu ya mstari likaandikwa jina la mwigizaji wa kwanza, kwa mkono, herufi kubwa zisizolingana. Pembeni ya jina, kwa ukubwa wa maandishi ya kujikumbusha, ikaandikwa namba: 28. Kiganja kikapita na kupangusa. Jina la pili, na pembeni yake 28 tena. Jina la tatu, 30. Kuelekea mwisho, pembeni ya jina la mwongozaji, namba ilikuwa 33, na chaki ikasita hapo, ikairudia ile 3 ya mwisho mara ya pili kama mtu asiyeamini alichokipima. Kisha jina la filamu. Ukiutazama utangulizi huo kabla ya filamu, namba zinapita kama pambo la ufundi. Ukimaliza filamu ukaurudia, unajua umeambiwa siri yote tangu sekunde ya kumi na moja, na kwamba ulikuwa umekaa na fundi muda wote bila kujua anachokijua.

Kazi hiyo ilipata 58.

Sitaki kuificha kasoro yake, kwa sababu kasoro zilikuwepo na zilistahili kukatwa alama. Jina la pili lilikaa fremu 22 tu, na kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde hiyo haijafika hata sekunde moja. Majina yetu ni marefu, mtu ana jina lake, la baba na la babu, na mara nyingine na cheo juu yake. Jina la aina hiyo linahitaji muda ambao mtazamaji anaweza kulisoma mara mbili kwa sauti ya chini. Sauti ya chaki ilichelewa kidogo nyuma ya mkono. Mtetemo wa herufi aliupata kwa kuchora kila neno mara tatu na kuzizungusha zile picha tatu, njia ya zamani na nzuri, lakini kwa majina yaliyokaa muda mrefu jicho lilianza kuuona mzunguko. Hayo ni makosa ya kweli. Wenzangu wawili, hata hivyo, hawakumkata alama kwa hayo. Walimkata kwa sababu mandhari ilikuwa "tupu", kwa sababu hakutumia pande tatu, na kwa sababu herufi "zinatetemeka", kana kwamba mtetemo ulikuwa hitilafu ya kompyuta.

Nilipinga na nikashindwa kwa kura, lakini sikuwalaumu sana wenzangu, kwa sababu walikuwa wakifuata karatasi waliyopewa. Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa na alama 30 za ubora wa picha, 25 za ufundi wa programu, 20 za ubunifu, 15 za sauti na 10 za kuwasilisha kwa wakati. Niliusoma mara mbili nikitafuta neno moja. Neno "filamu" halikuwemo, ila kwenye kichwa cha karatasi. Hakuna mstari uliomtaka mtahini aulize kama utangulizi unahusiana na hadithi inayofuata. Kwa karatasi ile, mtahini angeweza kusahihisha kazi zote bila kuitazama filamu, na nina sababu ya kuamini kwamba mmoja wetu alifanya hivyo.

Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili watakuwa wameshaitambua sura ya ugomvi huu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alitupatia kitu chenye thamani: kipimo kinachohesabika. Mizani 16 katika mshororo, nane na nane, vina vya kati na vya mwisho; yeyote anaweza kuhesabu kwa vidole na kufika kwenye jibu moja na mwenzake. Euphrase Kezilahabi alipotoka na mashairi yasiyofuata vina wala mizani mwaka 1974, malumbano yaliyofuata yalikuwa makali, na hadi leo hayajapoa. Mimi sikai upande wowote kwa ukamilifu. Najua shairi lililopungukiwa mizani humkwama mwimbaji kooni, kwa hiyo hesabu si anasa. Lakini najua pia, na kila mwalimu wa Kiswahili anajua, kwamba mwanafunzi anaweza kupanga mizani yote 16 kwa usahihi bila kusema chochote. Mwalimu mzuri wa ushairi huhesabu mizani kwanza, kisha anaanza kusahihisha. Sisi wa animesheni tumehesabu mizani tukafunga daftari.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka kwa walimu wanaotetea hesabu hiyo, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema: ukianza kupima "usomaji wa filamu" umefungua mlango wa upendeleo. Mkufunzi atampa alama anayempenda na kusema amesoma vizuri. Mwanafunzi akikata rufaa, utamwonyesha nini? Ubora wa picha unaonekana, ufundi wa programu unaonekana; maana haionekani. Katika vyuo vyetu, ambako rufaa za matokeo ni jambo la kawaida na manung'uniko ya upendeleo ni ya kawaida zaidi, hofu hiyo ina msingi. Lakini tuitazame kwa karibu. "Ubora wa picha" wenyewe ni ladha iliyovaa namba. Aliyeona kitambaa cheusi akakiita utupu alitoa maoni, halafu akayaandikia 12 kati ya 30. Kinyume chake, lile swali la namba za chaki linaweza kuthibitishwa na mtu yeyote: itazame filamu, fika dakika ambayo fundi anapima mara ya mwisho, soma namba kwenye tepu. Ni 33. Uamuzi wenye sababu ndani ya filamu una ushahidi ndani ya filamu, na ushahidi huo unaweza kuwekwa mezani siku ya rufaa. Sioni "mandhari tupu" itawekwaje mezani.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kupiga marufuku, na ndiyo inayopigiwa makofi zaidi. Inadai kwamba sanaa ni mkono, na kwamba tukirudi kwenye penseli tumeiokoa. Lakini After Effects, programu ya kompyuta ya kuhuisha picha na maandishi, ilitoka 1993, na vijana wetu wamekuwa wakinunua au kunakili violezo vyake kwa miaka mingi kabla ya akili mnemba kutajwa chuoni. Kiolezo nacho ni kazi ya mtu mwingine iliyobadilishwa jina. Hatukukipiga marufuku, tulikipa 81. Tena mkono peke yake haumwokoi mtu. Kwa utangulizi wa filamu ya Catch Me If You Can ya 2002, Olivier Kuntzel na Florence Deygas walichonga mihuri wakagonga wahusika kwa mkono wakati kompyuta zilikuwepo tele, na walifanya hivyo kwa kuwa hadithi ni ya miaka ya 1960 na walitaka harufu ya karatasi ya wakati ule. Mkono ulikuwa jibu la swali. Mwanafunzi anayechora kwa penseli kwa sababu tu mwalimu amekataza kompyuta hajajibu swali lolote. Ama zile programu za kunasa kazi za mashine, mkufunzi atakayemfelisha mtu kwa asilimia iliyotolewa na chombo ambacho yeye mwenyewe hawezi kueleza kinavyofanya kazi, atakuwa amefanya kosa lile lile analomshtakia mwanafunzi: ameikabidhi mashine uamuzi wake.

Upande wa pili wako wanaosema soko halijali. Mteja anataka kazi nzuri kesho asubuhi, haulizi imetoka wapi, kwa hiyo chuo kimwandae mwanafunzi kwa dunia hiyo. Nimefanya kazi na watengenezaji wa filamu wa hapa kwa muda wa kutosha kujua kwamba nusu ya hoja hii ni kweli. Nusu nyingine husahauliwa na watu wasiowahi kupigiwa simu siku mbili kabla ya uzinduzi. Mdhamini mpya ameongezeka. Jina la mwigizaji limekosewa herufi. Mwigizaji mwingine hataki jina lake lije la tatu, anataka la pili, au lisimame peke yake mwishoni kabla ya mwongozaji. Mpangilio wa majina ni heshima, na kwa wengine ni mkataba. Aliyejenga kazi yake kwa maamuzi anajua ni fremu zipi za kusogeza na nini kitaharibika akizisogeza. Aliyeletewa video nzima na mashine, au aliyefungua kiolezo asichokielewa, ataanza upya, na akianza upya atapata kitu kingine kabisa. Soko linalotajwa kama sababu ya kutopima maamuzi ndilo linalomwadhibu mapema asiyeweza kuyafanya.

Kuna wanaoleta pia hoja ya kitufe cha kuruka utangulizi. Netflix ilikianzisha 2017, na mwaka 2022 ikatangaza kwamba kwa siku ya kawaida kilikuwa kinabonyezwa mara milioni 136. Kwa nini tufundishe kitu ambacho watu wanakiruka? Jibu ni fupi. Utangulizi unaojirudia kila kipande cha tamthilia huchosha, na walioubuni wanapaswa kulijua hilo. Utangulizi wa filamu moja hutazamwa mara moja na hadhira iliyokaa. Zaidi ya hapo, kwa mwanafunzi, sekunde 60 zenye hadithi, maandishi, muziki na muda ni zoezi kamili katika eneo dogo. Sijaona jingine linalolipita.

Tatizo gumu zaidi kwa msimamo wangu lilikuja Juni 2023. Tamthilia ya Secret Invasion ya Marvel ilitoka ikiwa na utangulizi uliotengenezwa na Method Studios kwa akili mnemba, na wasanii wengi wakakasirika. Mwongozaji Ali Selim aliutetea kwa hoja inayofanana sana na yangu: hadithi inahusu viumbe wanaojigeuza sura za watu, kwa hiyo picha zenye nyuso zinazoyeyuka na kukosa uhakika ziliiendea hadithi. Huo ni usomaji, sikatai. Niliutazama mara kadhaa nikijiuliza ningetoa alama ngapi kama ungeletwa na mwanafunzi. Nilichokiona ni sababu moja iliyofunika kazi nzima, kama shuka moja lililotandikwa juu ya vitanda kumi. Inaeleza mtindo kwa nini uko hivyo. Haielezi kwa nini picha hii inakuja kabla ya ile, kwa nini jina hili linaingia hapa, kwa nini uso huu unayeyuka kuelekea kushoto. Kwenye kazi ya chaki ningeweza kuuliza lolote kati ya hayo na nikajibiwa. Kwa hiyo Secret Invasion ningeipa alama za wazo na kuinyima za maamuzi ya ndani, na hilo ningelifanya hata kama ingekuwa imechorwa kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Hasira ya wasanii kuhusu kazi na riziki zao ni halali na nzito, ila ni suala la ajira na haki. Tukilichanganya na usahihishaji tutaharibu yote mawili.

Kipimo hiki kinakata pia upande ambao baadhi ya marafiki zangu hawataupenda. Watahini wengi wa hapa hutoa alama za bure kwa chochote chenye sura ya nyumbani. Mwanafunzi akiweka wanyama wa Tingatinga au pindo la kanga pembezoni mwa skrini, tunatabasamu na kuandika "ametumia utamaduni wetu". Naipenda kanga kuliko wengi, na kwa msanifu wa majina hakuna mwalimu bora: ina pindo, ina mji, na ina jina, maandishi yaliyokaa mahali pake chini ya mji, ambayo mnunuzi huyachagua kwa kufikiria nani atayasoma na kwa sababu gani. Lakini ndiyo maana inaniuma kuiona imebandikwa kwenye filamu ya wizi wa mtandaoni bila jina lolote, rangi tu. Katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010, ilichota mtindo wa michoro ile kwa sababu ilikuwa ikisimulia ngano za wanyama, na wanyama wa Tingatinga tayari wana macho ya kushangaa ya ngano. Mtindo ulikutana na hadithi. Kanga inayoweza kuhamishwa imeshindwa sawasawa na herufi za dhahabu zinazoweza kuhamishwa.

Na kuna suala la mfuko, ambalo tumelinyamazia muda mrefu. Mng'aro unagharimu. Herufi za pande tatu zenye moshi na mwanga zinahitaji kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu na umeme usiokatika kwa saa nyingi za kurenda, yaani za kuisubiri kompyuta itoe video ya mwisho. Mwanafunzi mwenye laptop ya mkopo aliyepanga Mbagala, anayerenda usiku huku akiomba umeme wa luku usiishe, alikuwa akishindana na mwenzake mwenye kompyuta ya mezani na jenereta, na sisi tukaiita tofauti yao "ubora wa picha". Akili mnemba inahamisha mstari huo bila kuufuta: sasa ni nani anayeweza kulipia usajili wa kila mwezi kwa dola. Kitambaa cheusi na chaki vilirendwa kwenye mashine ya kawaida kabisa. Alama 30 za ubora wa picha zilikuwa, kwa sehemu kubwa, alama za kipato cha mzazi.

Kwa hiyo nimependekeza, kwa chuo kile na kwa vingine vitakavyonisikiliza, mambo machache yasiyogharimu pesa. Mtahini aitazame filamu nzima kwanza, na hilo liandikwe kama sharti. Kisha atazame utangulizi bila sauti, halafu na sauti, halafu aurudie akishaijua hadithi, kwa sababu kazi nzuri ya aina hii husomeka tofauti mara ya pili. Nusu ya alama iende kwenye uhusiano wa kazi na filamu, na mtahini alazimike kutaja sekunde na ushahidi, asiandike "imependeza" wala "haijanivutia". Ufundi upimwe kwa kile ambacho wazo lilihitaji: majina yanasomeka, mwendo unaanza na kutua kama kitu chenye uzito, sauti inakaa na picha. Hapo kijana wa chaki angekatwa zake kwa haki. Na mwisho, mwanafunzi akae mbele ya jopo na kompyuta yake, apewe badiliko moja kama lile la simu ya siku mbili kabla ya uzinduzi, na nusu saa ya kulifanya. Mwenye kutumia mashine na atumie. Nusu saa itaonyesha nani aliyekuwa akiamua.

Nilipata bahati ya kulijaribu hilo siku ile ile, nje ya utaratibu, alama zikiwa zimeshafungwa. Nilimfuata yule wa chaki kwenye korido, nikamwambia orodha yake imemsahau fundi wa kweli, yule aliyewaazima kibanda na cherehani siku nne za kupiga picha, ambaye filamu inamtaja mwishoni. Aliketi kwenye ngazi, akafungua laptop iliyopasuka kona, akachora jina lile mara tatu kwa kalamu ya kugusa, akalisukuma la mtunzi wa muziki mbele fremu 40, akaliweka la fundi kabla ya la mwongozaji. Ilimchukua kama dakika ishirini. Nilipoangalia niliona pembeni ya jina hapana namba, na nikadhani amesahau. Nikamuuliza.

"Huyu ndiye anayepima, mwalimu," aliniambia. "Yeye hapimwi."